Injini ya Silinda Tatu

Injini ilikufa katikati ya shamba la Isaya Baha, mchana kweupe, watu wakitazama. Ilikohoa, ikatoa moshi wa bluu uliomfunika dereva pale kitini, kisha trekta dogo likasimama, plau likiwa bado limezama udongoni. Remigius Sulle akazungusha ufunguo. Stata ililia, injini ikajivuta mara moja, ikanyamaza.

"Mafuta?" Isaya aliuliza kutoka ukingoni mwa shamba.

"Yapo."

"Sasa nini?"

Remigius alishuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka kikavu, na alikuwa ameongeza oili asubuhi ile ile.

Isaya hakuwa mtu mbaya. Lakini mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya msitu wa Ngorongoro, na kila mtu pale Rhotia alitaka shamba lake ligeuzwe kabla mvua haijashuka. Aligeuka kando kidogo, akapiga simu. Remigius, aliyekuwa ameinama kwenye injini, alisikia kila neno. "Njoo sasa hivi. Kuna trekta limezimika hapa... Hapana, dogo tu. La mzee mmoja hivi."

Mzee mmoja hivi. Walikuwa majirani tangu wote wawili hawajaoa.

Trekta kubwa lilipofika, dereva wake alipiga honi ili la Remigius litolewe njiani. Kulivuta hakutaka, alisema yeye analipwa kwa eka, halipwi kwa kuvuta mizoga. Mwishowe Isaya akaleta maksai wake wawili, wakafungwa mnyororo mbele ya trekta, na Remigius akapanda kushika usukani, akakokotwa kurudi kwake.

Njia ya kwake ilikatiza lami. Gari la watalii lililokuwa likielekea kreta ya Ngorongoro lilipunguza mwendo, na mzungu mmoja akasimama kwenye paa lililo wazi akapiga picha: ng'ombe wakivuta trekta. Dereva wa gari alisema kitu kwa Kiingereza, wote ndani wakacheka. Evarista, muuza ndizi wa pale kando ya barabara, naye akapaza sauti, "Baba Goodness! Leo maksai ndio wenye injini!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Remigius naye akacheka, kwa sababu asingecheka ingekuwa mbaya zaidi.

Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli, kama ulivyokuwa kila alipotoka tangu mkewe, Laurencia, aende Dodoma. Alikwenda kumlea mjukuu wao wa kwanza, mtoto wa Goodness. Alisema atakaa mpaka mtoto akaze shingo. Sasa mtoto alikuwa anakimbia, naye alimfahamu Remigius kwa jina la "babu wa kwenye simu".

Aliwasha moto, akabandika maji, akagundua kwamba hana hamu ya ugali. Akanywa chai ya rangi, akakaa kizingitini. Angekuwepo mtu wa kumsimulia jinsi wazungu walivyompiga picha, jambo lile lingegeuka kichekesho. Bila mtu, lilibaki vile vile lilivyokuwa.


Fundi Lembris alikuja na pikipiki yake kutoka Karatu mjini. Alifungua injini palepale uani, akaingiza kidole ndani ya silinda, akakizungusha, akakitoa.

"Nikuambie ukweli, mzee, au nikufurahishe?"

"Sema ukweli."

"Ringi zimekwisha. Na hizi silinda tulishazichonga mpaka mwisho, hazina tena nyama ya kuchonga. Nikikuwekea ringi mpya utalima kwa Isaya na kwa jirani yake, halafu ng'ombe watakuvuta tena."

Kumbe habari za ng'ombe zilikuwa zimeshafika mjini. Remigius akatazama chini.

"Ila kuna injini Arusha," Lembris aliendelea. "Silinda tatu. Ilitolewa kwenye trekta lililopinduka. Hii yako ya silinda mbili haioni ndani."

"Itakaa humu?"

"Hivi hivi haikai. Itabidi nisogeze rejeta mbele, nichomelee vishikio vipya, nitengeneze sahani ya kuiunganisha na giaboksi. Boneti haitafunga, tutaikata. Lakini italima. Lile shamba la Isaya lililokushinda, utalimaliza kabla ya chai."

Remigius aliuliza bei. Lembris alipoitaja, mzee alitazama tairi la nyuma kama vile bei ilikuwa imeandikwa pale. Angeuza mahindi yote ya ghalani na asifike nusu.

"Si una binti Dodoma?" Lembris alisema kwa upole, akifuta mikono kwa tambara. "Watoto tunawasomesha kwa ajili gani?"


Alipiga simu Jumapili baada ya misa. Kichwani alikuwa amepanga maneno mengine kabisa. Alitaka kumwambia Laurencia kwamba trekta limekufa, kwamba pengine huo ndio mwisho wa kulima mashamba ya watu, na kwamba ni heri arudi nyumbani wapange pamoja jinsi ya kuishi.

Simu ilipokelewa Dodoma, jikoni, ikawekwa sauti ya nje juu ya meza kwa sababu Laurencia alikuwa anamlisha mtoto uji. Goodness alikuwa amesimama karibu na friji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yupo?"

"Yupo hapa anakusikia. Umetoka kanisani?"

Remigius akaanza na trekta, maana ndilo lililokuwa jepesi kusema. Alieleza moshi, oili, maneno ya Lembris, injini ya Arusha. Kabla hajafika kwenye jambo lililompigisha simu, Goodness alimkatiza.

"Baba, injini nitainunua mimi."

"Wewe?"

"Si ulilima mpaka mgongo ukapinda mimi nikasoma? Mwambie huyo fundi anitumie namba yake. Nitachukua mkopo kazini."

Remigius alisikia macho yakimchoma.

"Ila kuna jambo, baba," Goodness aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Nina mimba nyingine. Na mume wangu bado yuko Mtwara, likizo yenyewe haieleweki. Nilikuwa nafikiri mama aendelee kukaa kidogo, mpaka huyu naye—"

"Sawa," Remigius alisema. "Sawa, mwanangu. Hongera sana."

Kijiko cha Laurencia kilikuwa kimesimama hewani. Mtoto alifungua mdomo, akangoja. Laurencia alikuwa akiitazama simu kama mtu anayetazama mlango, akisubiri aliyeingia ndani atoke tena. Kisha akamlisha mtoto, akamfuta kidevu.

"Mama, muage baba," Goodness alisema.

"Ubaki salama, Baba Goodness," akasema.

"Haya, Mama Goodness. Msalimie mjukuu."

Nyumba ya Goodness ilikuwa na vigae sakafuni na maji bombani, na geti la chuma lililofungwa muda wote. Laurencia alikuwa hajawahi kukaa mahali ambapo siku inaweza kwisha bila mtu kupita na kusalimia. Alipomwimbia mtoto kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, Goodness alimwambia, "Mama, usimchanganye, shuleni wanataka Kiingereza." Siku moja mgeni wa Goodness kutoka kazini alimkuta akifua, akamuuliza, "Dada, bosi wako yupo?" Goodness alicheka jambo lile, akasema mama asijali, watu wa mjini ndivyo walivyo. Laurencia alijali, ila si kwa sauti. Kila mara simu ya Rhotia ilipolia alisubiri mumewe aseme neno moja tu, kwamba arudi. Safari hii alikuwa amesema neno moja kweli, na halikuwa hilo.


Injini ilifika Karatu juu ya lori la saruji, imefungwa kamba kama mbuzi. Lembris na wenzake waliihangaikia mpaka rangi ya mikono yao haikujulikana. Vishikio vya kwanza vilipinda, wakavikata, wakachomelea vingine vinene zaidi. Boneti ilikatwa pande zote mbili, na injini ikabaki imechungulia nje kama mtu aliyevaa shati lisilomtosha.

Ilipowashwa, mafundi wa gereji za jirani waliacha kazi wakaja kusikiliza. Haikukohoa, wala haikutoa moshi. Ilinguruma kwa sauti nzito, na bati za gereji zikatetemeka.

"Usikanyage mafuta mpaka mwisho," Lembris alimwonya, "giaboksi ni ile ile ya zamani." Lakini alikuwa anacheka, na Remigius naye alikuwa anacheka.

Akapanda kilima cha kuingilia Rhotia bila kushusha gia. Isaya, aliyekuwa kando ya njia, aliinua mikono yote miwili. Kwenye kibanda cha ndizi hakuna aliyesema neno la mzaha. Evarista alisimama kabisa. Remigius aliingia uani kwake, akasimamisha trekta mbele ya mlango, akaliacha likinguruma. Akakaa juu yake, kifua mbele. Kuku walikimbilia nyuma ya ghala. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kutoka ndani kumpokea. Akazima, akashuka, akatafuta ufunguo wa kufuli mfukoni.

Tangu siku hiyo simu yake haikutulia. Walimpigia mpaka watu wa Mbulumbulu. Shamba lililokuwa likimchukua siku nzima sasa alilimaliza na jua bado liko juu, akahamia la pili. Alikula chakula cha kila nyumba aliyoilimia, akanawa mikono kwa maji aliyomiminiwa na wake za wenyewe, na kila mmoja alimuuliza swali lile lile.

"Mama Goodness anarudi lini?"

"Karibuni."

Mmoja wao, akidhani Remigius ameshafika mbali, alimwambia mwenzake, "Ameachwa huyo. Hasemi tu." Remigius alikuwa nyuma ya trekta akikaza boliti ya plau. Aliendelea kuikaza hata baada ya kukazika.


Jioni hiyo alimpigia mkewe. Alitaka kumweleza habari za injini, jinsi inavyovuta, jinsi watu wanavyopanga foleni.

"Hongera na injini yako," Laurencia alisema.

"Mbona unasema hivyo?"

"Nisemeje?"

"Kama mtu aliyekasirika."

Laurencia akasema, "Uliniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Goodness aliposema nibaki. Nilikuwa nimekaa palepale, Baba Goodness. Nilikuwa nakusikia. Ulisema sawa kabla mtoto hajamaliza hata kusema."

"Nilidhani unapenda huko. Kuna maji ndani. Kuna umeme. Huku ungerudi kubeba kuni."

"Nani alikwambia napenda?"

"Hukusema hupendi."

"Na wewe hukuuliza." Sauti yake haikupanda. "Mwanamke aliyekuzalia amebadilishwa kwa injini, na wewe unanipigia kuniambia injini inavuta vizuri."

Mtoto alianza kulia kule Dodoma. Laurencia akasema anakwenda kumtazama, na simu ikakatwa.


Asubuhi Remigius alifunika trekta kwa turubai. Mteja aliyekuwa na zamu, kijana mwenye shamba la alizeti, alimkuta anafunga begi.

"Mzee, leo si kwangu?"

"Nina safari."

"Safari? Mvua hiyo hapo! Nimeshamkatalia mtu mwingine kwa ajili yako!"

"Samahani sana, kijana wangu. Mrudie huyo."

Kijana aliondoka akitukana kwa sauti ya kusikika. Remigius alibeba kiroba cha maharage, akapanda gari mpaka Makuyuni, akadaka basi la Dodoma. Babati ikapita, Kondoa ikapita. Njia nzima alipanga maneno, na kila alipoyapanga yalivurugika. Mfukoni alikuwa na nauli ya kurudi ya watu wawili.

Laurencia ndiye aliyefungua geti. Alikuwa na ndala za ndani na khanga ya zamani, na uso wake ulikuwa umepauka kwa kukosa jua. Alipomwona mumewe alishika kifua.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Sasa umekuja kufanya nini huku, wakati wa kulima?"

"Kukuuliza."

Laurencia alimtazama, akatazama kiroba, akasogea kumpisha. Ndani mtoto alijificha nyuma ya khanga ya bibi yake, akichungulia. Sauti ya babu wa kwenye simu aliijua, lakini huyu mtu mwenye vumbi alikuwa mgeni.

Goodness aliporudi kazini, tumbo limeshaanza kuonekana, alimkuta baba yake amekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayeogopa kulichafua. Alimsalimia, akafurahi, kisha alipoambiwa sababu ya safari, furaha ikamtoka.

"Baba, mimi nilidhani nawasaidia wote wawili. Wewe upate injini, mama apumzike."

"Napumzika?" Laurencia aliuliza.

Akamsogelea binti yake.

"Rafiki yako aliponiita dada wa kazi, Goodness, ulicheka. Mimi nilikwenda kumalizia kufua."

Goodness alikaa chini. Alianza kujibu, akaacha, akaanza kulia bila sauti, mkono juu ya tumbo. "Wasichana wa kazi wamenikimbia wote," alisema. "Mume wangu namwona kwenye simu, kama nyinyi mnavyoonana. Uchungu ukinishika humu ndani, huyu mtoto atashikwa na nani? Natoka kazini, naingia humu, hakuna mtu mwingine ninayemjua mtaa huu. Nilikuwa naogopa tu kusema hivyo, ndiyo maana nikasema injini."

Remigius alimtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Siku zote alimwona kama mtu aliyefika.

"Nitaiuza," alisema. "Nitaiuza injini nikurudishie, na mama yako—"

"Nani amesema habari za kurudishiwa, baba? Mimi sikununua mtu!"

"Nyamazeni," Laurencia alisema.

Alimpakata mtoto, akaivuta khanga aliyokuwa ameing'ang'ania.

"Mmenipanga vya kutosha. Huyu kanipanga kwa simu, na wewe umekuja kunipanga kwa basi." Alimgeukia mumewe. "Umesema umekuja kuniuliza. Haya, niulize."

Remigius alikohoa. Maneno yote ya njiani yalikuwa yamekwisha. "Unataka kurudi nyumbani, Mama Goodness?"

"Nataka. Nataka tangu mwezi ule wa kwanza niliokaa hapa." Machozi yalimlenga, akayazuia. "Lakini siwezi kumwacha mtoto wangu hivi. Nitabaki mpaka ajifungue. Arobaini ya mtoto ikiisha napanda gari, na asinibembeleze mtu. Nimesema mimi, injini haimo. Na wewe Goodness, tafuta msichana mapema. Na wageni wako uwaambie mimi ni nani. Na huyu mtoto nitaongea naye ninavyojua kuongea."

"Sawa, mama," Goodness alisema.

Kichwani Remigius alikuwa tayari amemwona mkewe ndani ya basi, kwenye kiti cha dirishani, kiroba kitupu magotini. Angeweza kusema neno. Lakini alikuwa ameuliza, naye amejibiwa.

Alipoondoka, Laurencia alimsindikiza mpaka stendi, mtoto mgongoni. Walisimama kando ya basi wakitazama watu wakipakia mizigo.

"Shamba letu umelima?" Laurencia aliuliza.

Remigius alitazama viatu vyake. Alikuwa amelima Rhotia yote, na lao alikuwa hajaligusa.

"Nilijua," mkewe alisema. "Kapande maharage, yasije yakachelewa."


Mvua ilikuwa imeshanyesha aliporudi. Wateja walikuwa wamekwenda kwa matrekta mengine, na yule kijana wa alizeti alimpita barabarani bila kumwamkia. Simu haikulia. Remigius alitoa turubai, akawasha injini, akaingia kwenye shamba lake mwenyewe, lile lililoanzia nyuma ya nyumba mpaka mtoni.

Zamani, kwa injini ya silinda mbili, shamba lile lilimchukua tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Katikati ya kazi Laurencia alikuja na chupa ya chai na viazi, wakakaa ukingoni, injini ikipoa, wakiongea habari za watu. Mara nyingine walikaa mpaka injini ikapoa kabisa na hawakuona.

Sasa plau lilipita udongoni kama linapita majini. Alikwenda mpaka mtoni, akageuza, akarudi, akageuza tena. Alipoinua macho hapakuwa na mahali pengine pa kulima. Umande ulikuwa bado haujakauka kwenye majani. Alizima injini, na ukimya ukaja wote kwa mara moja. Mbali, kule lami, magari ya watalii yalikuwa yakipanda kwenda kreta, moja nyuma ya jingine. Mbele yake kulikuwa na siku nzima, haijaguswa.

Alikaa kidogo juu ya trekta. Kisha akashuka, akaenda ghalani, akarudi na kiroba cha mbegu na jembe la mkono. Akaanza mstari wa kwanza kandokando ya nyumba: anachimba, anainama, anatia mbegu, anafukia kwa mguu. Ilikuwa kazi ya Laurencia, na mgongo wake haukuizoea. Mistari ilipinda. Alirudi nyuma akainyoosha.

Isaya alipita njiani akiwaswaga maksai wake, akasimama kwenye uzio. Alilitazama trekta, akamtazama mzee aliyepinda peke yake kwenye udongo mweusi.

"Baba Goodness! Shamba lote hilo kwa mkono? Si utafute vibarua wawili mmalize leo leo?"

"Sina haraka," Remigius alimjibu, akaingiza mkono kwenye kiroba cha mbegu.